Namna ya kuandika maisha ya ukoo wako: mhoji bibi, chora jedwali, soma miaka

Ukitaka kujua watu wa familia moja walivyoishi, usiwaulize wanapendana kiasi gani. Waulize nani alilala nyumba ipi, mwaka gani, na nani alipika. Nimefanya kazi ya udadisi wa kaya kwa miaka mingi, nikizunguka Muheza, Korogwe na Handeni na madodoso ya watu wengine, na swali la "uhusiano wenu ukoje?" nimelisoma mbele ya watu wengi mno. Jibu ni lile lile: "Mzuri tu, tunamshukuru Mungu." Mtu mwenye adabu atakujibu nini kingine mbele ya mgeni? Lakini ukimuuliza mtu huyo huyo siku alipougua homa kali mwaka ule wa mvua nyingi nani alimchemshia uji, atakueleza saa nzima, na hapo uhusiano wote utauona.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoitumia kwa ukoo wangu upande wa mama, ulioanzia kwenye kambi za mkonge za Korogwe. Babu alitoka Songea kwa mkataba, bibi ni Mzigua wa hapo hapo. Wewe utaitumia kwenu, kwa mambo ya kwenu.

Anza na nani

Wengi hukimbilia kwa mzee wa ukoo, yule anayesimama kwenye mahari na mirathi. Nenda kwake, msalimie, muombe ruhusa, maana bila baraka yake milango mingine haitafunguka. Anajua mipaka ya mashamba na majina ya mababu. Ila ukitaka kujua nani alimlea nani, kaa na bibi, shangazi na mama mkubwa. Hao ndio waliopokea watoto, waliolala sakafuni hospitali wakiuguza, waliosimama jikoni kwenye misiba.

Nenda na sukari na majani ya chai. Nenda alasiri, kazi za shamba zikiwa zimetulia. Usitoe daftari mlangoni. Kaa mkekani, kama anapukuchua mahindi pukuchua naye, kisha mwambie waziwazi unachotaka: "Bibi, nataka niandike maisha yako na ya watoto wako, wajukuu waje wasome." Muombe ruhusa ya kurekodi kwa simu. Akikataa, andika kwa mkono. Akikataa hata hilo, sikiliza, ukifika nyumbani usiandike. Ni lake.

Vifaa ni vichache: kauntabuku moja nene, penseli na kifutio (kalamu ya wino itakutesa, tarehe hubadilika kila siku), rula, karatasi mbili za manila na kalamu ya rangi.

Chora ukoo kwanza

Mwaka 1898 daktari Mwingereza, W. H. R. Rivers, alikwenda kwenye visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, akaanza kukusanya nasaba za watu wa huko. Ili asichanganyikiwe na majina ya udugu, alishikilia maneno machache tu: baba, mama, mtoto, mume, mke, na kila mara akahakikisha anayetajwa ni mzazi wa kuzaa. Njia yake hiyo bado ndiyo inayofundishwa vyuoni, na kwetu inafaa sana, kwa sababu mtu wa Korogwe anaweza kuwa na baba watano na wote akawaita baba bila kukosea.

Kwa hiyo uliza: "Aliyekuzaa ni nani? Mlizaliwa tumbo moja wangapi? Baba mmoja mama mbalimbali, ni akina nani?" Mwanamume mchoree pembetatu, mwanamke duara. Alama ya sawasawa katikati yao ni ndoa. Ikatwe kwa mkwaju kama kulikuwa na talaka. Aliyefariki mkate kwa mstari.

Ukimaliza damu, chukua kalamu ya rangi uchore malezi. Kila mtoto aliyekulia kwa mtu asiyemzaa, vuta mstari wa rangi kutoka kwa mlezi hadi kwake, uandike kuanzia umri gani hadi umri gani. Kwenye manila yangu mistari ya rangi ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea, na karibu yote ilitoka kwa wanawake watatu. Mchoro wa damu pekee usingenionyesha hilo.

Kuhusu watoto, uliza maswali matatu yanayoulizwa kwenye sensa: wangapi unaishi nao, wangapi wanaishi kwingine, wangapi walizaliwa hai kisha wakafariki. Hili la tatu liulize mkiwa wawili tu, sauti ya chini, na usiharakishe. Dalili utaiona mwenyewe kwenye mchoro: pengo la miaka minne au mitano kati ya watoto wawili, ilhali mume alikuwepo nyumbani. Kati ya mama yangu na mjomba kulikuwa na pengo la namna hiyo. Bibi alinyamaza, akaendelea kupukuchua, kisha akataja jina. Nikachora duara dogo, nikalikata, nikaandika jina pembeni. Tangu siku hiyo tunamtaja kwenye dua.

Miaka: tumia kalenda ya matukio

Usimuulize mzee ana miaka mingapi ukaandika jibu kama lilivyo. Umri wa kukadiria hupenda kuishia na sifuri au tano. Yeyote aliyeshika takwimu za sensa anajua namna watu wa miaka 60 wanavyofurika huku wa 59 na 61 wakiwa haba. Wadadisi wa sensa hupewa orodha ya matukio ya nchi na ya wilaya, na mtu hukumbuka alikuwa wapi na alikuwa mkubwa kiasi gani tukio lilipotokea. Tengeneza yako kabla ya kwenda.

Za nchi ni rahisi. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954. Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, na Muungano Aprili 26 mwaka huo huo. Azimio la Arusha, Februari 1967. Kuhamia vijijini, kati ya 1973 na 1976. Vita vya Kagera, mwishoni mwa 1978 hadi 1979. Sokoine alifariki 12 Aprili 1984. Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985, na watu wengi wanakumbuka miaka ya "ruksa" kwa vitambaa vilivyorudi madukani. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. Mvua za El Niño zilikuja 1997 hadi 1998. Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999.

Za mahali ndizo bora zaidi, na hizo utazipata kwa wazee wenyewe: daraja lilipojengwa, mganga wa zahanati wa kwanza, mwaka mto ulipofurika. Kwetu kubwa ni serikali kuchukua mashamba ya mkonge mwishoni mwa 1967, na baadaye, miaka ya 1980, korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, kufungwa moja baada ya nyingine.

Hesabu inakwenda hivi. Bibi alisema: "Bendera ilipopandishwa, mtoto wangu wa kwanza alikuwa anatambaa." Mtoto hutambaa kati ya miezi saba na kumi hivi. Rudi nyuma kutoka Desemba 1961, unapata Februari hadi Mei 1961. Akasema tena: "Shamba lilipochukuliwa nilikuwa na mimba ya mjomba wako." Basi mjomba alizaliwa kati ya mwisho wa 1967 na katikati ya 1968. Andika muda wote huo, usichague tarehe moja ili ipendeze.

Angalia tukio lililotokea zaidi ya mara moja. Ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu waliuita wa Yanga, uliliwa katikati ya miaka ya 1970 na ukaliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anayekwambia "mwaka wa unga wa njano" muulize: kabla ya vita vya Amin au baada yake? Swali hilo moja linatosha.

Kwa familia ya Waislamu una msaada mwingine. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Bibi akisema alifunga ndoa baada ya Idd na mvua za masika zilikuwa zinanyesha, miaka inayowezekana hubaki michache. Na mjane aliyekaa eda, miezi minne na siku kumi, hawezi kuwa ameolewa tena kabla ya hapo. Ukiona tarehe zinagongana, moja kati ya hizo ina kasoro.

Kisha omba sanduku. Kila nyumba ina sanduku au mkoba wa zamani: kadi ya TANU yenye tarehe, kadi za kliniki, picha zenye muhuri wa studio nyuma, barua. Kwa Wakristo, daftari la ubatizo la parokia lina tarehe, majina ya wazazi na msimamizi. Babu alibatizwa kwao Songea, na jina la msimamizi wake lilitufungulia tawi zima la ukoo ambalo hapa Tanga hakuna aliyelijua.

Jedwali

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kwenye kauntabuku, pigia mistari ukurasa uliolala. Miaka ishuke upande wa kushoto, mstari mmoja kwa mwaka mmoja. Kila mtu apewe safu yake: bibi, babu, kila mtoto, na yeyote aliyelala nyumbani kwa zaidi ya msimu mmoja. Ndani ya kila chumba cha jedwali andika kwa kifupi: anakaa wapi, anakula chungu cha nani, yuko shule au kazi gani, ndoa, mimba, ugonjwa.

Chungu ni muhimu. Kwenye tafiti zetu kaya ni watu wanaokaa pamoja na kula pamoja, na nimeona ndugu wanaoishi kiwanja kimoja wana vyungu vitatu, na mjane aliye nyumba ya nne anakula chungu cha shemeji yake kwa miaka kumi. Jikoni huonyesha udugu ambao hati ya nyumba haiuonyeshi.

Ndoa usiiandike kwa mwaka mmoja. Kuna kuposwa, kuna kulipa mahari (mara nyingi kwa awamu), kuna kufunga, kuna kuhamia, na kila kimoja kinaweza kuwa na mwaka wake. Wapo pia waliokaa pamoja bila sherehe; Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe inawadhania kuwa mume na mke wakiwa wameishi hivyo miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua. Usimwandike mwanamke wa namna hiyo "hajaolewa" kisha ukategemea akusimulie lolote tena.

Safu zikijaa, soma kwa ulalo. Weka rula kwenye mwaka mmoja, uangalie kila mtu alikuwa na umri gani na alikuwa wapi. Hili nalipenda kuliko yote katika kazi hii. Mwanasosholojia wa Marekani, Glen Elder, alichambua kumbukumbu za watoto wa Oakland, California, waliozaliwa 1920 na 1921, akawalinganisha na wa Berkeley, mji wa jirani, waliozaliwa 1928 na 1929. Wote walipatwa na ule mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Wale wakubwa walikuwa na umri wa kusaidia: wavulana wakatafuta vibarua, wasichana wakashika kazi za nyumbani. Wadogo walikuwa bado wanategemea kila kitu kwa wazazi walioelemewa, na wavulana kati yao ndio walioumia zaidi. Shida moja, lakini iliwakuta kwenye umri tofauti, na ikawapeleka njia tofauti. Elder alisisitiza pia kwamba maisha ya watu wa nyumba moja yamefungamana; kikimpata mmoja, mwingine atageuza njia.

Sasa weka rula kwenye 1974 kwenye jedwali langu. Njaa. Bibi anajifungua mtoto wa mwisho, mama mdogo, na anaugua. Mama mkubwa ana miaka 13, ameishia darasa la nne. Anarudishwa kutoka kwa shangazi yake Muheza ili abebe mtoto. Mjomba ana miaka sita. Sogeza rula hadi 1977: kampeni ya elimu ya msingi kwa wote iliyotokana na Azimio la Musoma la 1974 imefika kijijini, mjomba anaandikishwa shule akiwa na miaka tisa. Mama mkubwa ana 16, mtoto yuko mgongoni kwake, shule imempita. Sogeza tena hadi katikati ya miaka ya 1980: korona imefungwa, babu hana kazi, mjomba amemaliza la saba na ameondoka kwenda Dar es Salaam kuuza vitu barabarani. Miaka michache baadaye mama mdogo anamaliza la saba, na sekondari hakuna wa kumlipia.

Ndugu hawa watatu, ukiwauliza mmoja mmoja, kila mmoja atakwambia tabia ya mwenzake: huyu mkali, yule hakutaka shule, yule alitutupa. Jedwali linaonyesha umri waliokuwa nao milango ilipofunguka na ilipofungwa. Mama mkubwa alipoona safu yake kando ya safu ya mjomba, alikaa kimya muda mrefu akafuatisha miaka kwa kidole. Kisha akasema mjomba naye alikuwa mtoto.

Na mkaja wa mama mdogo, ile zawadi anayopewa mama wa bibi harusi? Alipoolewa, bibi aligawa mkaja nusu kwa nusu na mama mkubwa, mbele ya watu. Jambo hilo watu walilisahau kwa sababu hakuna aliyelihoji wakati ule. Liandike. Alama kama hiyo inaeleza nani alikuwa mama wa nani kuliko maneno mengi ya sifa.

Maswali yanayozaa

Nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, nani alilala wapi? Chumvi ikiisha usiku uligonga mlango wa nani? Ulipojua una mimba ulimwambia nani kwanza? Nani alikupokelea mtoto? Kwenye harusi yako nani hakuja? Hili la mwisho lina mengi, ukilipata jibu usiulize "kwa nini" papo hapo, sema tu "ikawaje?" na uache mtu atembee kwa mwendo wake.

Kwa walioishi kambini, muulize mzee vipande. Kipande kimoja kilikuwa siku 30 za kazi, na wazee wa mkonge wanahesabu maisha kwa hivyo: "Nilimaliza vipande kadhaa ndipo nikaweza kuoa." Uliza pia nani alikuwa mtani wake. Kambini kulikuwa na Wangoni, Wabena, Waha, Warundi, Wamakonde, kila mmoja mbali na kwao, na mtu akifa hakuna mjomba wala shangazi wa kumzika. Watani ndio waliochimba kaburi, ndio waliofanya mzaha hadi wafiwa wakala. Kwa hiyo kila kifo uliza: nani aliosha, nani alichimba, nani alibaki hadi arobaini. Kwenye jedwali la babu, mtani wake mmoja anaonekana kwenye misiba yote ya nyumba yetu. Nilimpa safu yake kama ndugu wengine.

Majibu yatagongana. Mjomba anasema alikuwa anatuma pesa tangu mwaka wa kwanza. Mama mkubwa anasema ilianza baada ya babu kufariki. Usiwe hakimu. Andika yote mawili, kila moja na herufi ya msemaji. Tofauti zenyewe ni sehemu ya maisha yao, na huenda siku moja barua ikatokea sandukuni.

Yasiyoandikwa hadharani

Utasikia ya mtoto wa nje, ya ndoa ya kulazimishwa, ya ugonjwa uliofichwa. Kuwa na daftari la pili, dogo, bila majina, lisilotoka kabatini kwako. Mengine usiyaandike kabisa. Usimhoji mke mbele ya mumewe, wala mkwe mbele ya mama mkwe. Mtu akilia, funga daftari, zima simu, chemsha chai, na siku hiyo imekwisha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, sauti ya bibi haiendi kwenye kundi la familia la WhatsApp bila yeye kusikiliza na kukubali. Hapo sina mjadala.

Ukimaliza, rudi ukamsomee. Soma kwa sauti mwaka hadi mwaka, na penseli mkononi, maana atasahihisha. Mara nyingi kusoma huko huleta mengi kuliko mahojiano yote. Nakala moja ibaki nyumbani kwake, nyingine kwa mlezi yule ambaye mistari ya rangi inatoka kwake.

Safu ya mwisho ni yako. Ijaze kwa masharti yale yale: unakaa wapi, chungu cha nani, nani alikulipia ada, nani ulimuuguza. Kwa miaka ya karibuni una ushahidi ambao bibi hakuwa nao: ujumbe wa miamala ya simu. Nakili kila mwezi ulimtumia nani na nani alikutumia, hata elfu tano ya dawa, na ufanye hivyo kabla hujabadilisha simu, kwa sababu ujumbe huo ukifutika hutakumbuka mwezi wala kiasi.